Mlango wa Pua, na Kwa Nini Huchoka

Somo letu la safari hii ni juu ya milango ya fahamu. Binadamu ana milango mitano: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Leo tutautazama mlango wa pua, kwani mkulima wa karafuu huutegemea sana, na mara nyingine humdanganya.

Msimu mmoja tulishinda kutwa nzima penye karafuu. Jioni tuliinusa ya jamvi la mwisho, tukaiona njema, tukaitia guniani. Asubuhi tulipofungua mlango wa ghala, uvundo ukatupokea. Karafuu ile haikuharibika kwa usiku mmoja. Ilikwisha anza kuvunda, ila pua zetu hazikutuambia.

Sababu yake ni hii. Karafuu hutoa chembe ndogo mno za mafuta yake, zikaelea hewani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Tukivuta pumzi, chembe hizo hufika juu kabisa ndani ya pua, hunasa katika ute, na kugusa ncha za mishipa ya fahamu. Katika ncha hizo mna vipokeo, na kila kipokeo huitika kwa chembe za namna fulani tu, mfano wa kufuli na funguo zake. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kuzigundua jeni zinazotengeneza vipokeo hivyo, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel. Binadamu ana namna zipatazo 400 za vipokeo. Kila harufu huamsha kundi lake, na ubongo hulitambua kundi hilo: hii karafuu, hii samaki.

Lakini kazi kubwa ya mlango huu ni kuleta habari ya jambo jipya. Harufu ikidumu, vipokeo hupunguza kuitika, na ubongo nao huacha kuijali. Ndiyo maana mpita njia husimama penye majamvi akaisifu harufu, na sisi tulioketi hapo hatusikii kitu.

Ulimi nao una udhaifu wake. Ukitafuna karafuu, kwanza huwasha, kisha ulimi hufa ganzi, kwani eujenoli huilaza mishipa ya fahamu. Kwa sababu hiyo watu huitia penye jino linalouma.

Basi wanachama wenzetu, tufanye hivi. Kwanza, kabla ya kunusa, tutoke nje tukapunge upepo kwa muda, au tumwite mtu ambaye hakushinda na karafuu. Mwenye mafua asipewe kazi hiyo. Pili, tunuse asubuhi, mara tu mlango ufunguliwapo. Tatu, tuite milango mingine itoe ushahidi. Tuivunje karafuu kwa vidole: iliyokauka hukatika kwa mlio, na ambayo bado ina maji hupinda. Tuitazame rangi pia: iliyokauka vyema ni ya kahawia, na iliyovunda huwa imesinyaa na kupauka.

Wazee walisema mazoea yana taabu. Gunia likirudishwa kituoni, pua haidaiwi kitu. Hasara ni ya mwenye shamba.