Turiani na Mtoto wa Miaka Miwili

Turiani, mkoani Morogoro, haina bahari, na kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, hilo si pengo kubwa. Wanaotaka ufukwe ni wazazi. Yeye anataka mchanga, maji ya kuchota kwa kikombe, kivuli, na usingizi wa mchana usiokatizwa. Vyote hivyo vinapatikana chini ya milima ya Nguru, bila jua kali la pwani.

Ukitokea Dar es Salaam, treni ya SGR ndiyo usafiri wa kistaarabu kwa mwenye mtoto. Tangu ianze kubeba abiria mwaka 2024, Morogoro imekuwa karibu, na mtoto anaweza kutembezwa ndani ya behewa akichoka kukaa. Kutoka Morogoro unashika barabara ya Dodoma hadi Magole, jirani na Dumila, kisha unakata kulia kwa lami ya kama kilomita 50. Kosta zipo, lakini hujaza hadi mlangoni. Kama mfuko unaruhusu, kodini gari aina ya Noah na mpatane bei kabla ya mizigo kupakiwa. Ukifika mjini utaona bodaboda imebeba baba, mama na watoto wawili. Wewe chukua bajaji.

Nendeni kati ya Juni na Septemba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za vijijini huwa tope na mito hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mlimani, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Kiangazi nacho kina lake: ni msimu wa kuvuna miwa ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Mashamba huchomwa kabla ya kukatwa, na majivu meusi hupeperuka hadi kwenye nguo ulizoanika. Mtoto mwenye pumu apangiwe nyumba ya wageni iliyo upande wa milima, mbali na mashamba. Barabarani mshike mkono muda wote, kwa sababu matrekta yanayovuta miwa hayasimami upesi.

Sasa maji, maana ndiyo yatakayomvuta mtoto. Mto unaoshuka mlimani ni baridi na msafi kwa macho, lakini macho hayaoni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, kwa hiyo mifereji ya mpunga na madimbwi ya kando ya mto ni marufuku, hata kwa dakika mbili. Maji ya kasi yana nafuu, ila si salama moja kwa moja, na kasi yenyewe hubeba mtoto. Mto Wami, huko bondeni, una mamba. Utazameni mkiwa darajani.

Dawa ya yote hayo ni beseni. Nunua kubwa sokoni, jaza maji ya bomba au ya kisima, changanya na ya moto kidogo, weka chini ya mwembe pamoja na vikombe na kijiko. Kama maji yamechotwa mtoni, yachemshe kwanza, kisha yaache yapoe. Mtoto atacheza humo asubuhi nzima, na wewe utakunywa chai ikiwa bado moto, jambo ambalo ufukweni halipo.

Kwa matembezi, misheni ya Mhonda inatosha. Ilianzishwa mwaka 1877 na mapadre wa Roho Mtakatifu waliopanda kutoka Bagamoyo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Mkingu ina msitu mzito na miteremko mikali. Kwa mtoto wa mbeleko ishia pembezoni, tena kwa kibali na mwongozaji. Atakayetaka kupanda juu aende peke yake, mwenzake abaki na beseni.

Chakula si tatizo: wali wa mpunga wa huko huko, ndizi, maharage. Unga wa uji wa lishe na pampasi beba vya kutosha. Juisi ya miwa ni tamu, lakini barafu yake na kinu chake huna habari navyo. Mpe mtoto kipande cha chungwa. Mbu ni wengi mabondeni, kwa hiyo nenda na chandarua chako chenye dawa. Fungasha pia ORS na kadi ya bima. Akipata homa, msisubiri kesho: mpelekeni apimwe malaria siku hiyo hiyo, na hospitali ya Bwagala ipo hapo hapo Turiani.

Wanaong'ang'ania bahari wamalizie safari Bagamoyo, kwa kupitia Chalinze na Msata. Ulizeni wavuvi saa za maji kujaa kabla ya kutoka chumbani, kwani yakipwa hurudi mbali na kuacha tope, na mtoto ataishia kuomba beseni.