Hakusoma, Lakini Alisomesha

Fikiri kwamba barua imefika nyumbani kwako. Imetoka kwa mtoto wako aliye mbali. Unaishika mkononi. Unaiona karatasi, unauona wino, lakini hujui mtoto amesema nini. Huenda ni mzima. Huenda ni mgonjwa. Huenda anataka kuoa. Inakubidi umtafute mtu wa kukusomea. Kama jirani hayupo, utangoja mpaka jioni. Na akija, habari za nyumba yako atazijua yeye kwanza, wewe baadaye.

Pengine jambo hili limewahi kukupata kabla hujaanza darasa la watu wazima. Lilimpata pia mama mmoja wa Kenya. Jina lake ni Sarah Onyango Obama. Watu wengi walimwita Mama Sarah. Katika somo hili utasoma habari za maisha yake marefu.

1. Kijiji cha Kogelo

Kogelo ni kijiji cha magharibi ya Kenya, katika Siaya. Hakiko mbali na Ziwa Victoria. Ni ziwa lile lile ambalo maji yake hufika Mwanza, Musoma na Bukoba. Mji mkubwa wa upande ule ni Kisumu. Wenyeji wa Kogelo ni Wajaluo. Hulima, hufuga na kuuza mazao yao sokoni.

Mama Sarah alizaliwa mwaka 1922. Wakati ule wasichana wengi hawakupelekwa shule. Naye hakupelekwa. Hakujifunza kusoma wala kuandika.

Alipokuwa bado msichana aliolewa na mwanamume aliyemzidi umri sana. Mume huyo aliitwa Hussein Onyango Obama. Mzee Onyango alikuwa amejifunza kusoma na kuandika tangu ujana wake. Alifanya kazi ya upishi kwa Wazungu, na alipata kuwa katika jeshi la Waingereza. Alikuwa mtu mkali, aliyependa usafi na utaratibu. Kabla ya Sarah, alikuwa ameoa wake wengine.

Basi Sarah akaanza maisha katika boma hilo. Alilima mazao ya namna mbalimbali. Alifuga mbuzi na kuku. Chakula cha nyumbani kilipotosha, kilichobaki alikipeleka sokoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka mingi.

2. Watoto walioachwa

Mke mwingine wa Mzee Onyango aliitwa Akumu. Akumu alikuwa na watoto. Mmoja wao alikuwa mvulana aitwaye Barack. Ikatokea kwamba Akumu na mumewe hawakuelewana. Akumu akaondoka katika boma, watoto wakabaki.

Ndugu msomaji, unajua jinsi mama wa kambo anavyosemwa vibaya mara nyingi. Watu husema huwapa watoto wake nyama, na wale wengine huwapa mchuzi. Sarah alikuwa bado kijana. Watoto wale hakuwazaa yeye. Angeweza kusema, "Hawa si wangu." Hakusema hivyo. Aliwachukua akawalea kama wake.

Wazee wetu walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kulea ni kazi kwa sababu hakuishi kwa siku moja. Mtoto hula leo, na kesho atataka kula tena. Ataugua usiku. Atararua nguo. Atafika umri wa kwenda shule, na hapo kazi nyingine itaanza.

3. Njia ya Ng'iya

Barack alipofika umri wa shule, shule yake ilikuwa Ng'iya. Kutoka Kogelo hadi Ng'iya ni mwendo wa maili 6 hivi, karibu kilomita 10.

Mwaka 2014 Mama Sarah alikuwa na umri wa miaka 92 hivi. Aliwasimulia waandishi wa habari jinsi alivyofanya wakati ule. Alisema kwamba alimpakia mtoto nyuma ya baiskeli, akamwendesha mpaka shuleni. Alifanya hivyo ili mtoto apate elimu ambayo yeye mwenyewe hakuipata.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mama huyu alikuwa na shamba la kulima, maji ya kuteka na chakula cha kupika. Hakuna ambaye angemlaumu kama angesema, "Leo nina kazi nyingi, mtoto abaki nyumbani." Lakini alijua kwamba siku moja ikipotea itavuta siku ya pili, na ya pili itavuta ya tatu. Mwisho mtoto huacha shule bila mtu yeyote kuamua kwamba aache.

Barack aliendelea na masomo. Kutoka Ng'iya alikwenda shule ya Maseno. Baadaye akapata kazi Nairobi. Alifanya kazi katika mpango wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Ndiyo, ndugu msomaji, kazi ile ile inayofanywa na mwalimu wako. Tena aliandika vitabu vya Kijaluo kwa watu wazima walioanza kujua kusoma, vitabu vya namna ya hiki unachosoma sasa. Kimoja kilichapishwa mwaka 1959. Kiliitwa "Otieno Jarieko", maana yake Otieno mwenye busara. Kilieleza njia bora za kulima mashamba.

4. Barua zilifika

Mwaka huo wa 1959 Barack alipata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu huko Hawaii, Marekani. Akaondoka. Huko alioa mke wa Kimarekani, na mwaka 1961 akapata mtoto wa kiume. Mtoto akapewa jina la baba yake, Barack.

Barua zilikuwa zikifika kijijini. Lakini Mama Sarah hakuweza kuzisoma. Kijana aliyempeleka shule kwa baiskeli alijua kuandika vizuri. Yeye aliyempeleka alishika karatasi tu, akategemea macho ya wengine.

Jambo hili lilimwingia moyoni. Mama Sarah alisema baadaye kwamba hakutaka watoto na wajukuu wake wawe kama yeye. Kwa hiyo alihakikisha kwamba watoto wote wa jamaa yake wanakwenda shule, wavulana na wasichana. Aliona kwamba mtoto aliyesoma anaweza kujitegemea, na hasa mtoto wa kike.

5. Mjukuu atafuta habari za baba

Katika miaka ya 1970 Mzee Onyango alifariki. Mwaka 1982 Barack, yule mtoto aliyelelewa na Mama Sarah, alikufa kwa ajali ya gari Nairobi. Akaletwa Kogelo, akazikwa nyumbani.

Kule Marekani mtoto wake alikuwa sasa kijana. Hakumjua baba yake vizuri, kwa sababu wazazi wake waliachana yeye akiwa mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifunga safari kwenda Kenya kuwatafuta ndugu zake. Alisafiri na dada yake Auma kwa treni mpaka Kisumu, halafu kwa basi na matatu mpaka Kogelo.

Huko alimkuta Mama Sarah. Wajukuu walimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Dani hakujua Kiingereza. Mjukuu hakujua Kijaluo. Auma akawa mkalimani wao.

Dani akaeleza. Alimweleza mjukuu habari za mababu, za Mzee Onyango, za Akumu, na za baba yake tangu utoto. Habari zote hizo hazikuwa katika kitabu chochote. Zilikuwa kichwani mwa bibi. Kama mjukuu angechelewa, au kama bibi angekuwa amekufa, zingezikwa pamoja naye.

Mjukuu aliziandika. Mwaka 1995 alitoa kitabu, na sehemu ndefu ya kitabu hicho ni maelezo ya Dani. Hivyo maneno ya mama asiyejua kuandika yakasomwa katika nchi nyingi.

6. Wageni wengi, bibi yule yule

Tarehe 4 Novemba, 2008, mjukuu huyo, Barack Obama, alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Mwezi wa Januari, 2009, Mama Sarah alikwenda Washington kuona akiapishwa. Wageni kutoka nchi mbalimbali wakaanza kufika Kogelo. Umeme ukaletwa kijijini.

Mama Sarah hakuhama. Alibaki katika boma lake, karibu na makaburi ya mumewe na mwanawe.

Kwa miaka mingi alikuwa akiwasaidia watoto yatima, na wengine aliwalea nyumbani kwake. Mwaka 2010 ilianzishwa taasisi yenye jina lake ili kazi hiyo iwe kubwa zaidi. Watoto waliofiwa na wazazi walisaidiwa chakula, sare za shule, vifaa vya kusomea, matibabu na karo. Mwaka 2014 alipewa tuzo katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kwa ajili ya kazi yake ya elimu.

Mama Sarah alifariki tarehe 29 Machi, 2021, katika hospitali mjini Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 99. Kesho yake alizikwa Kogelo kwa taratibu za dini yake ya Kiislamu.

7. Tunajifunza nini?

Watu wengi walimjua Mama Sarah kwa sababu ya mjukuu wake. Lakini kazi yake kubwa aliifanya zamani, kabla mjukuu huyo hajazaliwa. Aliifanya shambani, jikoni, sokoni na katika njia ya Ng'iya. Wakati ule hakuna mwandishi wa habari aliyemtazama. Hakujua mtoto yule atakuwa nani. Alijua tu kwamba mtoto anatakiwa shuleni.

Katika kijiji chako wako akina mama wa namna hii. Wamelea watoto wao na wa wengine. Wameuza kuku ili kulipa karo. Wengi wao hawakusoma. Habari zao hazimo katika kitabu chochote.

Wewe sasa umejifunza kuandika. Barua ikifika utaisoma mwenyewe. Lakini kalamu yako inaweza kufanya zaidi ya hapo. Nenda kwa bibi yako au mama yako mzee. Keti naye. Muulize alizaliwa wapi, alilelewa na nani, watoto wake ni wangapi, na ni taabu gani alizopata. Andika anayosema. Usingoje mwakani.

Maneno ya kukumbuka

Mama wa kambo: mke wa baba ambaye si mama mzazi.
Mkalimani: mtu anayefasiri maneno kati ya watu wasiojua lugha moja.
Yatima: mtoto aliyefiwa na mzazi au wazazi.
Karo: fedha za kulipia masomo.
Tuzo: zawadi ya heshima kwa kazi njema.

Maswali

1. Kwa nini Mama Sarah hakujifunza kusoma?
2. Ni nani aliyewalea watoto wa Akumu baada ya mama yao kuondoka?
3. Mama Sarah alimpelekaje Barack shuleni?
4. Barack aliwaandikia vitabu watu gani? Viliandikwa kwa lugha gani?
5. Kwa nini mjukuu alihitaji mkalimani?

Hesabu

1. Mama Sarah alizaliwa mwaka 1922, akafariki mwaka 2021 akiwa na miaka 99. Wewe ulizaliwa mwaka gani? Mwaka huu umetimiza miaka mingapi?
2. Kutoka Kogelo hadi Ng'iya ni karibu kilomita 10. Mtu akienda na kurudi mara moja kila siku, kwa siku 5 atakuwa amesafiri kilomita ngapi?

Mazungumzo darasani

1. Je, katika kijiji chetu wako watoto wasiokwenda shule? Ni jambo gani linalowazuia? Sisi tunaweza kufanya nini?
2. Mtu akisema, "Mtoto huyu si wangu, sitamlipia karo," utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani

Chagua mzee mmoja wa kike nyumbani kwenu. Andika sentensi kumi juu ya maisha yake. Anza na jina lake kamili na mahali alipozaliwa. Kisha msomee yeye mwenyewe ulichoandika, ili akusahihishe palipo na makosa.