Breki Zinazotetemesha Pikapu: Pima Kabla ya Kununua

Wengi wenu mmepanda ile pikapu tunayoazimwa na mzazi mmoja kila tunapopeleka vyakula na magodoro kambini wakati wa likizo. Mwaka jana ilianza kutetema kila ilipofungwa breki kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Tukachangishana, tukanunua diski mbili mpya za mbele na breki pedi zake, fundi akafunga, gari likatulia kabisa. Baada ya miezi mitatu mtetemo ukarudi, tena tukiwa tunateremka ile milima ya kati ya Kabale na Kisoro, nyuma kumejaa mizigo. Fundi akasema diski zimepinda kwa joto, tununue nyingine. Gari la watu ni amana, na mfuko wetu mnaujua. Basi sisi tunaosoma uhandisi tukajiuliza: kama diski zilikuwa mbovu, mbona zilingoja miezi mitatu?

Lakini kwanza tujue mtetemo unatoka wapi. Gari likitetema hata hujakanyaga breki, achana na breki. Kaangalie balansi ya magurudumu, tairi lililovimba au rimu iliyopinda. Likitetema ukikanyaga tu, na usukani ndio unaocheza mikononi, tatizo kwa kawaida liko mbele. Usukani ukitulia huku kiti na sakafu vikitikisika, shuku ngoma za nyuma. Katika pikapu nyingi breki ya mkono huvuta ngoma za nyuma peke yake, kwa hiyo unaweza kuzijaribu: barabara iwe tupu, kavu na iliyonyooka, mwendo wa 40, vuta breki ya mkono polepole bila kuachia kitufe chake. Mtetemo ukija, ni nyuma. (Pedali kupigapiga mguuni unapofunga breki ghafla penye utelezi ni ABS ikifanya kazi yake, si ugonjwa.)

Sasa lile swali la miezi mitatu. Diski hukaa juu ya habu. Kipande cha kutu chenye unene wa 0.05 mm kikibaki kwenye uso wa habu, diski hukaa imeinama kidogo. Ukingo wa diski uko mbali na kitovu karibu mara mbili ya ukingo wa habu, kwa hiyo kule nje kosa hufika kama 0.1 mm. Siku ya kwanza dereva hasikii kitu. Ila kila mzunguko, hata breki haijakanyagwa, sehemu ile ile ya diski hugusa pedi na kusuguliwa. Baada ya kilomita elfu kadhaa sehemu hiyo imekuwa nyembamba kuliko nyingine. Ukikanyaga breki, pedi zinabana unene, kisha wembamba, kisha unene. Nguvu inapanda na kushuka, na wewe unaipokea kwenye usukani na pedali. Tofauti ya unene ya 0.02 mm tu inaweza kusikika. Diski haikupinda, ililiwa upande mmoja.

Tuliazima maikromita ya maabara tukapima unene wa diski sehemu nane, zote kwa umbali sawa kutoka ukingoni. Diski ya kushoto ilikuwa na tofauti ya 0.04 mm. Kisha tukahakikisha beringi haina mchezo, maana beringi iliyolegea hudanganya vipimo vyote, tukaibana diski kwa nati na washa, tukaweka geji ya mshale na kuizungusha kwa mkono: 0.12 mm. Watengenezaji wengi hawakubali kuzidi 0.05 hadi 0.1, fuata kitabu cha gari lako. Hapa kuna ujanja mzuri: ichomoe diski, izungushe stadi moja mbele, ipime tena. Sehemu iliyojitokeza ikihama pamoja na diski, mwenye kosa ni diski. Ikibaki pale pale, ni habu. Kwetu ilibaki pale pale. Tulipokwangua, kutu ilikuwa imeganda kuzunguka stadi mbili. Diski mpya ilikuwa imepachikwa juu yake.

Tulisafisha habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa. Diski zilikuwa bado nene kuliko kiwango cha chini kilichochongwa juu yake, tukazipeleka kukerezwa, kwa gharama ndogo kuliko kununua. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka, na pini iliyokwama huacha pedi ikiburuza hadi diski iungue. Tukaziosha na kuzipaka grisi maalumu ya breki. Katika pikapu nyingine, hasa za zamani, diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, na kazi huwa ndefu zaidi.

Usitegemee jeki peke yake, weka stendi. Vumbi la breki usilipulize kwa upepo, pedi nyingine za zamani zina asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Nati za magurudumu kaza kwa kuvukana, si kwa kufuatana, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Ile mashine ya upepo, ikiachiwa ikaze kila nati inavyotaka, yenyewe inatosha kuinamisha diski. Pedi mpya zizoeshe: punguza mwendo kutoka 60 hadi 10 mara nane hivi bila kusimama kabisa, kisha endesha bila breki zipoe. Ukisimama na breki za moto huku umekanyaga, pedi huacha alama kwenye diski, na mtetemo mwingine umeuzaa mwenyewe.

Mlimani tumia gia ndogo. Gari likivuta upande mmoja au pedali ikizama, hapo si mtetemo tena, liegeshe. Sisi tulikaza nati upya baada ya kilomita 100, na tangu hapo tumeshakwenda Kisoro na kurudi mara mbili, na usukani umetulia.