Uvimbe wa Shingo kwa Mtu Mzima: Mwongozo wa Vipimo vya Picha

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na wataalamu wa radiolojia katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Kanuni yake kuu ni moja: picha na sindano hutangulia kisu.

1. Wakati wa kushuku saratani

Shuku saratani kwa mgonjwa mwenye uvimbe uliodumu wiki 2 au zaidi bila dalili za maambukizi. Shaka iongezeke ikiwa uvimbe ni mgumu, hausogei unapoguswa, unazidi sentimita 1.5, au ngozi iliyo juu yake imechimbika kidonda. Uliza kuhusu tumbaku, ugoro, tambuu na pombe. Uliza pia kuhusu sauti kukwaruza, maumivu wakati wa kumeza, sikio moja kuziba na damu puani: saratani ya nyuma ya pua mara nyingi hujitokeza kwanza shingoni.

Antibayotiki zitolewe tu palipo na homa, maumivu na joto kwenye uvimbe. Mgonjwa aonwe tena ndani ya wiki 2. Uvimbe usipokwisha, usirudie dawa, andika rufaa.

2. Kuchagua kipimo

Utrasaundi ndiyo ya kuanzia kwa tezi shingo, tezi za mate na tezi za limfu zilizo karibu na ngozi. Haina mionzi, na huongoza sindano ya kuchukua sampuli. Kwa vinundu vya tezi shingo, mfumo wa TI-RADS uliotolewa Marekani mwaka 2017 husaidia kuepuka sindano zisizo za lazima: kinundu chenye shaka kubwa huchomwa kikifikia sentimita 1, cha shaka ya wastani sentimita 1.5, na cha shaka ndogo sentimita 2.5.

CT yenye dawa ya kontrasti huonyesha ukubwa wa uvimbe, mifupa iliyoliwa na tezi zilizovamiwa. MRI hushinda CT kwa ulimi, nyuma ya pua, na saratani inayofuata neva kuelekea ubongo.

3. Kabla ya kipimo

Fomu ya maombi isiandikwe “uvimbe wa shingo” pekee. Taja upande, muda, dalili, upasuaji au mionzi ya awali, na swali unalotaka lijibiwe.

Kabla ya kontrasti, uliza kuhusu mzio, ugonjwa wa figo na ujauzito. Anayeshukiwa kuwa na saratani ya tezi shingo ajadiliwe kwanza na daktari bingwa, kwa kuwa kontrasti yenye madini joto inaweza kuchelewesha tiba ya madini joto yenye mionzi. Kabla ya MRI, uliza kuhusu kifaa cha moyo na vipande vya chuma mwilini, hasa machoni mwa mafundi wa kuchomelea.

4. Sampuli

Anza na sindano nyembamba, ikiongozwa na utrasaundi inapowezekana. Kukata uvimbe bila kujua chanzo huacha kovu linalovuruga upasuaji unaofuata. Sampuli ipimwe pia kifua kikuu, kwani kimezoeleka kwenye tezi za shingo katika nchi zetu. Uvimbe wenye maji kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 usiitwe salama mpaka shaka ya saratani iondolewe.

5. Kabla na baada ya tiba

Mgonjwa anayekwenda kupata tiba ya mionzi apigwe picha ya taya na aonwe na daktari wa meno. Meno mabovu yang'olewe mapema, kwani taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida.

Picha pia huamua nani asipasuliwe. Utafiti wa PET-NECK wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha wagonjwa 564 waliotibiwa kwa mionzi na dawa. Kundi lililofuatiliwa kwa PET-CT wiki 12 baada ya tiba lilifanyiwa upasuaji wa shingo mara 54, dhidi ya 221 katika kundi lililopangiwa upasuaji. Baada ya miaka 2, walioishi walikuwa asilimia 84.9 na 81.5 mtawalia. Pasipo na PET-CT, CT au MRI ipigwe, na isomwe sambamba na ile ya kabla ya tiba. Kwa hiyo mgonjwa asiruhusiwe kuondoka bila nakala ya picha zake.

Kila kituo kiteue mtumishi mmoja wa kufuatilia rufaa hizi hadi majibu yarudi. Rufaa isiyofuatiliwa haijakamilika.