Tepu ya Akiba Si Akiba Hadi Ijaribiwe

Mfanyabiashara anafika kwenye kaunta ya mapato mjini Kitale. Leseni yake aliilipia wiki iliyopita, lakini karani halioni jina lake. Seva iliharibika usiku, na tepu iliyotegemewa kuirejesha haisomeki. Huu ni mfano tu, lakini jambo kama hili limewahi kuwakuta wakubwa. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya teknolojia ya GitLab ilifuta hifadhidata yake kuu kwa bahati mbaya. Ilipogeukia nakala za akiba, iligundua kwamba njia kadhaa ilizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Data ya takriban saa 6 ilipotea.

Wakulima wa Trans Nzoia na Bungoma wanalielewa somo hili. Mbegu iliyokaa ghalani haiaminiwi kwa kutazamwa. Punje chache huoteshwa kwanza, na zinazochipuka zikahesabiwa.

Tepu ya kurejesha mfumo hubeba mfumo endeshi na mipangilio ya seva, ili seva iliyokufa iwashwe upya kutoka kwenye tepu yenyewe. Maafisa wa TEHAMA huipima kwa hatua hizi:

1. Kusoma ripoti ya kazi ya usiku. Ripoti inayosema "imekamilika" huku faili zimerukwa haipaswi kupita bila kuulizwa.

2. Kuisoma tepu yote. Kuorodhesha faili za mwanzo hakutoshi, kwa maana kasoro huweza kuwa mwishoni.

3. Kuijaribu kwenye mashine nyingine. Mashine ambayo kichwa chake kimehama kidogo huweza kuandika tepu inayosomeka kwake pekee. Vizazi vya tepu navyo huangaliwa: mashine ya LTO-8 husoma tepu za LTO-7, lakini haisomi za LTO-6.

4. Kuwasha seva ya majaribio kutoka kwenye tepu. Seva inayohudumia wananchi haitumiki kamwe, kwa sababu urejeshaji hufuta kilichomo kwenye diski.

5. Kufungua rekodi chache na kuzilinganisha na zile halisi, kisha kuandika tarehe, matokeo na muda uliotumika.

Hatua ya nne ndiyo huachwa mara nyingi, kwa kuwa hutaka mashine ya ziada na siku nzima ya kazi. Hata hivyo, ndiyo pekee inayothibitisha kwamba seva itawaka.

Nakala ya pili hufaa kuwekwa mbali. Moto ukizuka Kitale, tepu iliyohifadhiwa Bungoma haitaguswa. Kwa kuwa itasafiri barabarani ikiwa na taarifa za watu, hufungwa kwa msimbo wa siri. Ufunguo wa msimbo huo usibaki ndani ya seva ileile pekee. Seva ikifa, tepu nzima itakuwa imefungwa milele.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaoshika taarifa za watu wazingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya hitilafu. Kwa hiyo mkuu wa idara asiishie kuuliza kama akiba imewekwa. Aulize: "Mara ya mwisho tulirejesha lini kutoka kwenye tepu, na ilichukua saa ngapi?" Pasipo jibu lenye tarehe, jaribio halijafanyika.