SAFARI YA CHEMBE NDANI YA CHUMA

Ukidondosha tone la wino katika gilasi ya maji yaliyotulia, wala usiyakoroge, utaona rangi ikienea polepole hata maji yote yamegeuka. Chembe za wino hutoka mahali zilipo nyingi, zikaenda mahali zilipo chache.

Je, chembe zaweza kusafiri hivyo katika madini magumu? William Chandler Roberts-Austen, mtaalamu Mwingereza aliyefanya kazi katika nyumba ya Serikali ya kupigia sarafu huko London, alitaka kujua. Aliweka dhahabu chini ya kipande cha risasi, yaani yale madini mazito na laini, akavitia katika joto lisilotosha kuyeyusha risasi. Siku zilipopita aliikata risasi vipande vipande, akavipima, akaona dhahabu imepanda ndani yake. Habari hizo alizitoa mwaka 1896. Tena akaacha dhahabu na risasi zimeshikamana muda wa miaka 4 pasipo moto wo wote. Mwaka 1900 alieleza ya kuwa hata hivyo dhahabu iliingia, ingawa kidogo sana.

Mafundi wa chuma hutumia jambo hili. Gurudumu la meno likiwa la chuma laini, meno husagika upesi. Likiwa gumu lote, huvunjika likipigwa kwa nguvu. Basi fundi hulizika gurudumu laini katika sanduku lenye makaa, huliziba kwa udongo, kisha hulitia katika moto wa digrii 900 na zaidi. Makaa hutoa gesi yenye kaboni, na kaboni hupenya kati ya chembe za chuma. Halafu chuma huchovywa kingali chekundu. Ngozi yake huwa ngumu, na moyo wake hubaki mstahimilivu.

Lakini safari hiyo haikubali haraka. Ikiwa kaboni imefika kina fulani kwa saa 4, kufika mara mbili ya kina hicho kwahitaji saa 16, wala si 8. Na moto ukipungua, safari huzidi kuwa ya polepole. Fundi akilitoa gurudumu mapema, macho hayataona kasoro. Ila ngozi ni nyembamba, nayo itasagika na kwisha. Ndipo mashini itakapoharibika, na pengine kumwumiza mtu asiye na kosa.

MASWALI
1. Chembe huelekea wapi zinapoenea?
2. Kwa nini gurudumu lisifanywe gumu lote?
3. Kaboni imefika kina fulani kwa saa 2. Itafika mara tatu ya kina hicho kwa saa ngapi?