Kuukaribia Mzizi wa Mlinganyo

Mwalimu, kwa nini nikadirie mzizi ilhali kanuni ipo?

Kanuni unayoijua ni ya milinganyo ya x². Ya x³ na x⁴ ipo pia, ila inachosha. Ya x⁵, kwa ujumla wake, haipatikani kwa matendo manne na vipeuo peke yake. Niels Henrik Abel wa Norwei alithibitisha hivyo mwaka 1824. Na cos x = x? Hapo huna budi kukadiria.

Njia ya Newton inakwendaje?

Tutumie mlinganyo wake mwenyewe: x³ − 2x − 5 = 0. Anza na 2. Upande wa kushoto unakuwa −1, na mteremko wa grafu mahali hapo, yaani 3x² − 2, ni 10. Gawa −1 kwa 10, kisha toa jibu hilo kwenye 2: unapata 2.1. Rudia kwa 2.1. Sasa unagawa 0.061 kwa 11.23, na namba mpya ni 2.094568. Rudia tena: 2.09455148, na desimali zote nane ni sahihi! Ukishaukaribia mzizi, tarakimu sahihi huongezeka takriban maradufu kila hatua. Newton aliandika kwa namna ndefu zaidi. Utaratibu huu wa kurudia hesabu ileile ulichapishwa na Joseph Raphson mwaka 1690, na ni haki jina lake litajwe.

Naweza kuanzia namba yoyote?

Hapana, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Chukua x³ − 2x + 2 = 0, uanzie 0. Unapelekwa 1. Kutoka 1 unarudishwa 0, na utazunguka hivyo hata ukikesha. Lakini anzia −2: unapata −1.8, halafu −1.76995, na mzizi wenyewe ni karibu −1.7693. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, chora grafu, au tafuta namba mbili ambazo moja inatoa hasi na nyingine chanya. Hapa −2 inatoa −2, na −1 inatoa 3. Mzizi umo katikati yao. Mteremko ukiwa sifuri, badilisha pa kuanzia, maana huwezi kugawa kwa sifuri.

Niache lini?

Wengi huacha tarakimu zinapojirudia. Mimi siridhiki na hilo. Ukitakiwa desimali nne na umepata 2.0946, weka 2.09455 na 2.09465 katika mlinganyo wa kwanza. Ile ndogo inatoa hasi, ile kubwa chanya. Andika matokeo hayo mawili chini ya jibu lako, ili msahihishaji ayaone.